Mtego wa Kumi na Saba

Kwenye ofisi ya kilimo wanamwita Mama Nzi, naye hakasiriki. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akizunguka nyua za watu kila Jumatatu, akishusha mitego ya chupa iliyotundikwa kwenye miti ya matunda, akimwaga nzi waliokufa kwenye karatasi nyeupe na kuwahesabu kwa ncha ya penseli. Watu humcheka. Na wacheke! Nani mwingine angemjua nzi kwa bawa lake tu?

Mtego wa kumi na saba uko uani kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Hapo pana mipera sita, dada aliipanda kwa mikono yake na kuikuza kwa maji ya kufulia. Jumatatu hiyo, kati ya nzi arobaini na kitu, mmoja alikuwa na mstari wa kahawia uliokatiza bawa. Mama Nzi akamgeuza, akavaa miwani, akamgeuza tena. Alimjua kwa picha tu, ile iliyobandikwa ukutani ofisini. Ni nzi wa mbali anayetaga mayai ndani ya matunda, hajawahi kuonekana upande huu.

“Vipi tena?” dada akauliza, ndoo mkononi.

“Huyu mgeni, dada. Nikimwandika, watu wa ofisini watakuja kuchuma mapera yote wayazike. Hata mabichi.”

Dada akatua ndoo. “Fomu yako si ina safu ya wengineo? Mtie humo, mdogo wangu. Nzi mmoja tu!”

Safu hiyo ipo kweli, na hakuna anayeisoma. Mama Nzi akaandika moja kwenye wengineo, akakunja fomu, akaaga. Kumnyima dada yule kitu hakuwahi kuweza. Ila alipofika getini miguu ilimgomea. Ng’ambo ya ukuta kulikuwa na mipera ya jirani, na baada ya hiyo mingine, mpaka mtoni. Akafuta, akaandika upya, akampigia simu mtaalamu wa ofisini palepale, dada akisikia kila neno.

Alipoaga mara ya pili, dada aliokota ndoo akaingia ndani.

Alhamisi wachumaji wakaja na mifuko yao, Mama Nzi nyuma yao. Mipera sita haikuwa na tunda hata moja. Chini ya ukuta palikuwa na magunia manane, yamefungwa midomo kwa kamba. Dada alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, viganja vimechubuka.

“Nilipanda mwenyewe, nimechuma mwenyewe,” alisema bila kumtazama. “Nikapasua moja, nikuonyeshe ni zima, nikusute. Funza. Nikapasua la pili, la kumi. Funza tu. Na Jumapili hii nilikuwa niyapeleke kwa wajukuu, mtaa wa pili.”

Mama Nzi alivua miwani. Machozi yalimtoka tu.

Dada akainuka, akamsogezea ile ndoo.

“Kaa. Leta hiyo chupa yako ya mtego, tuhesabu nzi pamoja.”