Chama Kisicho na Mwanachama

Jamani, leo nimegundua chama chetu hakina mwanachama hata mmoja.

Msinicheke, subirini.

Tumekutana baada ya Alasiri hapa Matrah, Omani, nyumbani kwa Sheikh Nasor. Madirisha tumeyafunga, maana siasa hapa hairuhusiwi. Watu kumi na mmoja. Mimi katibu, nimetakiwa niseme chama kina hali gani tangu tukimbie mapinduzi ya Unguja.

Nikasema, "Kwanza kila mtu ajitaje."

Wallahi! Kila mmoja akataja cheo chake cha kule kule. Mwenyekiti wa tawi la mjini. Makamu wa tawi la shamba. Matawi yenyewe hayapo tena, vyeo tumehama navyo!

Nikauliza, "Wanachama wa kawaida wanyooshe mikono."

Hakuna mkono hata mmoja. Sheikh Nasor akakohoa.

Mara pazia likasogea. Bi Zuwena, mkewe, kashika birika la kahawa.

"Mie sina cheo. Nna barua tu."

Barua za watu wetu waliotawanyika, ndugu wanaotafutana. Mwaka mzima anawaandikia, anawakutanisha. Peke yake!

Nikawaambia, "Basi chama kizima kiko nyuma ya pazia."

Mwenyekiti wa mjini akanuna. "Na mimi je, ni nani?"

Nikavua ukatibu wangu pale pale, nikamwomba Bi Zuwena kalamu.

Akanipa. "Andika vizuri, baba. Kuna mama anamngoja mwanawe."

Kesho Alasiri tunaendelea na barua. Nani anakuja?

Vyeo mviache mlangoni, pamoja na viatu.