Nyani na Kijaluba cha Bibi

Kijaluba nilikificha mimi. Waijuao nyumba yetu ya Jomvu Kuu watasema hilo halina haja ya kukiriwa, maana kitu kikipotea pale naitwa mimi kwanza, kisha ndipo kinatafutwa.

Kijaluba chenyewe ni kikopo kidogo cha fedha chenye kifuniko cha kubana. Bibi yangu hutia humo uraibu wake: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku kidogo. Babu alimpa wakati wa fungate yao. Sasa babu ametangulia mbele ya haki, na vitu vyake vyote vimegawanywa, ila hicho hakuna aliyethubutu hata kukitazama sana.

Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, kwa utani. Bibi huniita "mume wangu" mbele za watu, hunitukana nisipomletea tambuu mbichi, na mke wangu wa nikaha humwita mke mwenzake. Basi na mimi, mume, nina haki ya kumchokoza mke wangu. Siku hiyo nilifunga duka langu la vipuri pale Magongo, nikamchukua bibi kwenda Tsavo kuona wanyama, mimi, yeye na dereva tu. Aliposinzia njiani, nikachomoa kijaluba mkobani mwake, nikakizika chini kabisa ndani ya kikapu cha chakula. Nilitaka akitafute, anitukane weee mpaka achoke, kisha nikitoe nicheke. Ndiyo starehe yangu, nifanyeje?

Asubuhi tuliona tembo. Walivuka njia mbele yetu, karibu kiasi cha kusikia matumbo yao yakinguruma. Bibi akanong'ona, "Mashallah." Kisha akaniuliza kama yule mkubwa naye ana mjukuu mzigo.

Adhuhuri dereva alisimamisha gari kivulini karibu na majabali. "Mama, hapa nyani wamezoea watu," akamwambia bibi. "Chakula kisionekane, na mlango ufungwe."

"Nimesikia, mwanangu," bibi akajibu, akafungua mlango apate upepo, akaweka kikapu mapajani, akatoa hamri.

Ndipo akaja nyani dume, pande la nyani, akaketi hatua tatu kutoka mlangoni. Hakufanya lolote. Alitazama hamri, akamtazama bibi, akarudi kutazama hamri.

Sasa, mtu wa kwetu hawezi kula huku anatazamwa. Akipita mtu akukute unakula, umjue usimjue, utamwambia karibu. Naye kwa adabu atajibu "starehe," aende zake. Karibu hiyo humtoka mtu bila ya kufikiri, na bibi ameitoa maisha yake yote. Aliinua macho, mdomo umejaa hamri, akasema:

"Karibu, baba."

"Starehe!" nikamjibia nyani, huku nacheka hadi machozi.

Nyani hakukubali mtu amjibie. Alikuja moja kwa moja, akapitisha mkono wake mweusi mapajani mwa bibi, akaondoka na kikapu kizima. Alipita karibu nami hivi kwamba nilinusa jasho lake.

"La haula! Nimekwambia karibu, sijakwambia komba vyote!" bibi alimpigia kelele, na yeye mwenyewe akaangua kicheko. Kisha, moyo ukimwenda mbio bado, akaingiza mkono mkobani atafute uraibu wa kujituliza.

Nikaacha kucheka.

Alipapasa. Akamwaga mkoba wote kitini: tasbihi, leso, dawa za presha. "Kijaluba changu," akasema. Akanitazama, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijapata kuisikia hivyo. "Au nimekisahau nyumbani?"

Wallahi, neno "ndiyo" lilifika ulimini.

"Kimo kikapuni, bibi. Nilikitia mimi."

Hakunitukana. Hilo ndilo lililonitisha. Nikateremka garini.

"Rudi ndani! Atakurarua!" dereva akapaza sauti.

Nyani alikuwa amepanda jabali dogo. Katlesi alishazimaliza, ndizi amezitupa maganda, na sasa kijaluba kilikuwa mkononi mwake. Akakigeuza, akakiuma, nikasikia meno yakikwaruza fedha. Nilimsogelea mpaka ningeweza kumgusa, lau ningekuwa mwendawazimu zaidi. Akanikenulia meno, marefu kuliko kidole changu. Silaha yangu ilikuwa ndala moja niliyoivua, na hata hiyo sikujua la kuifanyia.

Akakiuma tena. Kifuniko kikafyatuka. Akaubwaga uraibu wote mdomoni, na chokaa yake na tumbaku yake, akatafuna mara mbili. Akasita. Uso ukamkunjamana. Akatema, akapiga chafya, akaufuta ulimi kwa viganja vyote viwili, kisha akatimka vichakani akikohoa. Kijaluba kikaanguka miguuni pangu. Nilikinyakua nikakimbia, na zile ndala zote mbili ziko huko Tsavo mpaka leo.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Alikifuta kwa leso, akapitisha kidole juu ya kifuniko, pale meno yalipobonyeza mashimo mawili.

"Babu yako hata kukiangusha hakuwahi," akasema, na machozi yakamtoka.

Niliona haya mpaka nikatamani nyani arudi anichukue. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitakipeleka kwa sonara akinyooshe. Alikishika kijaluba kifuani, akageukia dirishani, na hivyo ndivyo tulivyorudi mpaka tukapita Mariakani.

Dereva alinionea huruma. "Lakini mama," akasema, "tusimlaumu sana kijana. Mwizi si yule nyani?"

Bibi akageuka. Kwanza alimtazama dereva, kisha akanitazama mimi, mume wake, kuanzia kichwani hadi kwenye miguu mitupu.

"Nyani nilimkaribisha mwenyewe," akasema. "Huyu, nani alimkaribisha mkobani mwangu?"