Mahali Anapolala Verlyn

Kwa miezi minane Verlyn Dykstra alikuwa na makao mawili, na watu wa kanisani walijua moja tu. Usiku alilala katika chumba kilicho nyuma ya ofisi ya ghala la mahindi la ushirika wa wakulima, maili kumi na mbili kutoka mjini, ambako alikuwa dereva wa lori. Jumapili asubuhi alikwenda kwa mkewe, Lavonne, akafunga tai mbele ya kioo cha sebuleni, kisha wakaenda ibadani pamoja kwa gari la Lavonne na kukaa kwenye benchi lao la tatu kutoka mbele.

Hawakuwa na ugomvi wa kusimulia. Walikuwa wameacha tu kuzungumza, mpaka siku moja Verlyn akachukua mto wake na wembe akaondoka. Lakini kwetu katika jimbo la Iowa, upande huu wa kaskazini-magharibi, watu hufyeka nyasi Jumamosi ili Jumapili jirani asipate la kusema. Kutengana si habari ya kutangaza.

Barua zake ziliendelea kufika kwa Lavonne. Jumamosi moja ya Septemba aliegesha gari la ushirika upande wa pili wa barabara, akavuka kulifuata sanduku la barua, akagongwa na msichana aliyekuwa akiendesha gari huku akitazama simu. Nyonga ilivunjika mahali pawili. Bima ya msichana ilikuwa ile ndogo kabisa inayoruhusiwa na sheria, nayo ilikwisha kabla Verlyn hajatoka wodini. Bado alihitaji upasuaji wa pili ili aweze kupanda tena lori.

Lavonne ndiye aliyempigia simu.

"Bima ya gari langu inafidia mtu akigongwa na mwenye bima ndogo," alisema. "Hata kama alikuwa anatembea kwa miguu. Na mume yumo."

"Hata mume anayelala ghalani?"

"Wewe njoo Jumanne kwa Dwight. Na uvae shati safi."

Dwight Kooima alikuwa wakala wa bima na pia mzee wa kanisa. Ndiye aliyewakatia bima tangu mwaka waliooana.

"Verlyn, bwana, umekuja na magongo ili nikuonee huruma?" alisema akiwavutia viti. "Ulipokuwa mzima hukuwahi kuniletea hata biskuti moja ya Lavonne."

"Zinaishia kwangu," alijibu Verlyn, na papo hapo akajichukia. Hakuwa ameonja biskuti hizo tangu majira ya baridi.

Dwight alijaza fomu haraka, huku akiuliza na kujijibu. Kisha akagonga mstari mmoja kwa kalamu.

"Hili la kawaida tu. Mume analindwa akiwa anaishi nyumba moja na mwenye bima. Mnaishi pamoja?"

"Ndiyo," alisema Lavonne, macho yake kwenye kalenda ya kampuni ya mbegu iliyotundikwa ukutani.

Dwight alikuwa ameshaandika kabla Lavonne hajajibu. Akamgeuzia Verlyn karatasi. "Weka sahihi hapa, kwamba yote ni kweli."

Verlyn alishika kalamu. Uso ulimwaka hadi masikioni. Kama Dwight angemtazama kwa shaka, labda angeweza kusaini. Lakini Dwight alikuwa tayari anatafuta bahasha.

"Sikai pale, Dwight," alisema. "Nalala kule ghalani. Jumapili huwa nakuja tu ili mtuone."

Dwight aliweka bahasha mezani.

"Basi kampuni itakataa," alisema. "Nitaipeleka ilivyo, lakini sitaki kuwapa nyinyi matumaini ya uongo. Watakataa."

"Najua. Ni aibu yangu, nilijitakia mwenyewe."

"Yako?" Lavonne alimgeukia. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Mimi nimesema ndiyo sasa hivi, mbele ya mzee wa kanisa. Nimesema kwa ajili ya mguu wako. Wewe umetoka msafi, mimi ndiye mwongo."

Verlyn hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Kwa miezi yote hiyo alikuwa ameibeba aibu ile kama kitu chake mwenyewe, na sasa alimwona mkewe ameshikilia mkoba kwa mikono miwili, hawezi kumtazama Dwight.

"Nisamehe, Lavonne," alisema. "Ilinipasa nikwambie tukiwa wawili, kabla hatujaingia humu."

Dwight alichana ile fomu, akavuta nyingine, na safari hii akaandika polepole.

"Anwani ni ghala la ushirika," alisema. "Tangu lini?"

"Kama Februari hivi," alisema Verlyn.

"Tarehe kumi na tisa Januari," alisema Lavonne. "Ilikuwa Alhamisi. Andika hiyo."