Mkandaji Aliondoka Bila Kula

Mwezi wa tatu, 1975, nadhani ilikuwa Jumanne. Mvua ilikatika asubuhi, lakini mawingu yalilala juu ya vilima vya Makere, na barabara ya Kasulu ilikuwa tope tupu.

Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka tangu juzi, alipoanguka kutoka paa la nyumba yetu mpya akiezeka. Nilimwita mama mkandaji, mtu wa maneno mengi, ambaye mikono yake ilishawainua wengi pale kijijini. Halipwi kabla. Akimaliza kukanda hula kwenu; akila, ameipokea kazi, atarudi mpaka mgonjwa asimame. Kwa hiyo nilichinjisha kuku.

Alijipaka mawese viganjani, akaanza kiunoni.

“Ala! Unanikanda au unanichuna?” mume wangu alipiga kelele.

“Dume zima, unalia hata sijakugusa vizuri!”

Tukacheka. Akashuka mapajani, mume wangu akatulia. Akashuka tena. Vidole gumba vyake vilizama kwenye shavu la mguu mpaka nyama ikabonyea.

“Mama, mbona umeacha? Unanusa kuku wangu, nini?” mume wangu aliuliza.

Alikuwa hajaacha. Akabana kisigino, akakuna unyayo kwa kucha. Mguu ulikaa vile vile.

Alifuta mikono kwa jani la mgomba, akanivuta nje.

“Mwanangu, mgongo ule sikuuvuta. Likipita lori lolote, mpelekeni hospitali Kasulu. Na msimkalishe.”

“Chakula kipo tayari, mama.”

“Nimeshiba.”

Baadaye watu walisema alikimbia. Mimi siwezi kusema hivyo. Angetaka kuku wa bure angekaa, akavuta mgongo ule, nasi tungemshukuru. Wala sijui kama hospitali ingesaidia zaidi kama tungewahi siku ile ile. Mambo hayo sikuyasomea.

Niliporudi ndani, mume wangu aliuliza, “Atarudi lini?”

Nikasema sijui, barabara mbaya.

“Barabara gani? Si anakaa nyumba ya tatu hapo?” Alicheka kidogo, kisha akaacha.

Hakuna lori lililopita. Jioni tulikula ugali wa muhogo na yule kuku. Alitaka paja, nikamlisha kwa mkono wangu, yeye akiwa kifudifudi vile vile. Firigisi niliyomwekea mama mkandaji ilibaki kwenye bakuli, hakuna aliyeigusa.