Mama Kiraka na upande wa pili wa bati

Saa mbili asubuhi. Mwanamke mmoja amepiga magoti ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji, anakwangua kutu kwa brashi ya waya. Bwawa lenyewe halikuchimbwa. Ni duara la bati lililosimama juu ya ardhi nyuma ya nyumba, kimo cha kifua cha mtu mzima. Ukiwa nje humwoni. Unasikia tu kwaru, kwaru, kisha kikohozi.

Wateja wanamwita Mama Kiraka. Ana miaka hamsini na mitatu, mabega mapana, na vumbi jekundu limemkaa kwenye nyusi kama aliyejipodoa gizani.

"Kutu ni mnafiki," anasema bila kuinua kichwa. "Juu unaona kadoa kama kipele. Ukikwangua, kidole kinatokea upande wa pili."

Leo anakwangua kwa hofu, na hafichi. Bwawa hili alishalitengeneza miezi michache iliyopita, na kazi haikudumu. Bati lilipasuka pale pale kwenye kiraka, maji yakasomba viti vya bustani hadi kwa jirani. Mwenye nyumba, mkunga mstaafu anayesubiri wajukuu waje likizo, hakupiga kelele. Alimwita tena.

"Nimekupa nafasi ya pili, mama," anamwambia kutoka mlango wa jikoni. "Ya tatu hakuna. Likipasuka watoto wakiwemo, nitamwambia nini mama yao?"

"Haki yako, dada. Likivuja tena, hata mimi sitajiita fundi."

Kazi hii ni ya watu wawili. Kiraka cha bati hufungwa kwa ribiti, vile vijiti vifupi vya chuma vinavyopitishwa kwenye tundu. Aliye nje anaingiza; aliye ndani analaza ncha kwa nyundo mpaka iwe bapa, kisha anaifunika kwa utepe. Ncha moja ikibaki imesimama, inatoboa turubai la plastiki linaloshika maji. Maji yakishaligusa bati, kutu haihitaji karamu nyingine.

Kwa miaka kumi na tisa aliyekaa ndani alikuwa mumewe, yeye nje. Wakiinama hawaonani, kwa hiyo walikuwa wakigongeana. Pigo moja kutoka nje: nimeingiza. Mapigo mawili kutoka ndani: nimelaza, lete nyingine.

"Tukigombana nyumbani, tunakuja kazini hatusemeshani," anakumbuka, akicheka. "Lakini kugongeana ni lazima! Ikifika saa sita ugomvi umekwisha, hata hukumbuki nani alianza."

Mumewe alifariki mwaka juzi, kwa maradhi ya siku chache tu. Tangu hapo pande zote mbili ni zake. Anaingiza ribiti, anaibana kwa utepe isidondoke, anapanda ngazi, anashukia ndani, analaza ncha, anatoka tena. Walikuwa wakipata mabwawa manne kwa mwezi. Sasa akipata moja, anashukuru.

Na mara ile, katika kupanda na kushuka, alisahau ncha moja.

"Sikuisahau," anasahihisha, na brashi inasimama. "Niliingiza, nikagonga, nikasubiri yale mapigo mawili. Nikayasikia. Wallahi nikayasikia, nikahamia kwenye nyingine. Nani alinigongea? Ndani hamkuwa na mtu. Mazoea yana taabu."

Mwandishi wa makala haya alikuwa na maswali mengine yaliyoandaliwa. Hayakuulizwa.

Si kwamba amekosa mwenzake. Wifi yake, dada wa marehemu, ni fundi cherehani aliyechoshwa macho na sindano, na amemwomba mara nyingi wafanye kazi pamoja. Mama Kiraka amekuwa akimzungusha. Mara mvua, mara kazi hakuna, mara nitakupigia.

"Nikimweka mtu mwingine, ndiyo nimekubali kwamba harudi," anasema. "Najua harudi, nilimzika kwa macho yangu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukubali ni kingine. Upweke unaniuma, sitakudanganya. Nyumbani nawasha redio kwenye chumba ambacho simo, nisikie watu wanaongea."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama," mkunga anadakia kutoka jikoni.

"Chawa ningemweza, dada. Hili ni bati!"

Mchana, rangi ya kuzuia kutu imekauka. Mama Kiraka anamtazama mwandishi kutoka juu hadi chini. "Wewe si una mikono? Weka kalamu, nenda nje uniingizie ribiti."

Mwandishi, aliyeshika nyundo mara ya mwisho akitundika kalenda, anaingiza ribiti ya kwanza na kugonga. Kimya. Anagonga tena. Kimya. Anachungulia juu ya ukingo. Mama Kiraka ameketi sakafuni, kiganja kimeshikilia bati, na machozi yanachora njia kwenye vumbi la mashavu yake.

"Samahani," anasema. "Muda mrefu sijagongewa. Rudi, gonga. Sasa nipo."

Safari hii mapigo mawili yanajibu. Ndivyo wanavyokwenda, ribiti moja baada ya nyingine, na hakuna ncha inayobaki imesimama.

Jioni turubai limerudi mahali pake, na maji yamepita kiraka na yanazidi kupanda. Mkunga anainama, anapapasa bati kwa nje, ananusa vidole vyake, anapapasa tena. Pakavu. "Haya, wajukuu na waje," anasema, kisha anamletea fundi kiti.

Mama Kiraka haketi. Anatoa simu, anaitazama kidogo, kisha anapiga.

"Wifi, hujambo? Bwawa la mwezi ujao tunafanya wote. Eeh, umesikia vizuri, usipige vigelegele sikioni. Njoo na suruali, hayo magauni yako yaache." Anasikiliza swali. "Hapana, ndani hutaingia. Wewe utakaa nje, upande wangu. Wa kaka yako nimeuchukua mimi."