Meno Yangu na Wazee wa Tumbaku

Kijijini kwetu Litapunga kila mtu alikuwa mtaalamu wa meno yangu. Meno yenyewe yalikuwa ya kahawia, hasa manne ya mbele juu, yana mistari mistari kama kitambaa kilichomwagikiwa chai ya rangi kikaachwa kikauka. Jirani mmoja alisema mama alikula udongo mwingi akiwa na mimba yangu. Mwingine akasema ni magadi ya kwenye maharage. Wa tatu, mzee aliyebakiwa na meno mawili, na hayo mawili hayajawahi kukutana, alinishauri niache muwa. Nilimshukuru. Mtu wa meno mawili akikupa ushauri wa meno unasema asante, unapita.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, darasa la saba nimemaliza siku nyingi, kichwani nimejaza ndoto. Kubwa kuliko zote ilikuwa kaseti. Kwaya yetu ya kanisani ilikuwa imepata nafasi ya kurekodi Mpanda mjini, na mimi ndiye nilikuwa naanzisha nyimbo upande wa sauti ya kwanza. Nilishajiona natoka kwenye redio za maduka yote, mtu ananunua sabuni huku mimi namwimbia. Jalada la kaseti lingekuwa na picha yetu ya rangi, sare mpya za bluu. Nililala na kuamka na hiyo picha.

Sasa, kanisa letu lilikuwa na sheria moja kali: tumbaku ni dhambi. Kuvuta, kutafuna, kubwia ugoro, vyote dhambi. Kuilima si dhambi. Mabati ya kanisa yalitokana na tumbaku, mabenchi yalitokana na tumbaku, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na mabani mawili ya kukaushia tumbaku nyuma ya nyumba yake, moshi unafuka wiki nzima kama wa tanuri la matofali. Nilimuuliza siku moja, kwa adabu, inakuwaje.

"Wewe binti," akasema, "kisu kikiua mtu utamfunga mhunzi?"

Jibu hilo alilipenda sana. Alilirudia mbele ya watu mpaka nikajua linapokaribia kutoka, kwa jinsi alivyokuwa anajiweka sawa kola.

Wiki nne kabla ya kurekodi aliniita baada ya mazoezi. Akanitazama mdomoni kama anayenunua punda.

"Cheka."

Nikacheka. Mimi kucheka sihitaji kuombwa mara mbili.

"Unaona? Hii ni ugoro. Unabwia ugoro, binti, na unasimama mbele za Mungu unaanzisha wimbo!"

Nilidhani ni utani. Kumbe ameshapeleka jina langu kwa wazee wa kanisa.

Kikao kilikaa Jumatano, mimi kwenye kigoda, wazee watatu kwenye benchi, mwalimu pembeni na daftari. Mzee wa kwanza akaomba vidole vyangu, akavinusa kimoja kimoja, macho kafumba. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Tumbaku tupu."

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Jana na juzi mimi na mama tulikuwa tunafunga majani kwenye vijiti. Kwenye bani la mwalimu hapa."

Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari. Hakuinua kichwa.

Basi wakatoa ushahidi mkubwa. Walimwita mdogo wangu, binti wa miaka minane, wakamwambia afungue mdomo. Meno meupe pee, kama ya tangazo la dawa ya meno. "Tumbo moja, chungu kimoja, nyumba moja," mzee wa pili akasema. "Huyu meupe, yule kahawia. Na wewe ulipokuja hapa kijijini mtoto, sisi tunakumbuka, hayakuwa hivi. Yalikuwa na madoa meupe meupe tu, kama ya chokaa. Rangi imekuja ukubwani. Imetoka wapi?"

Nilipitisha ulimi juu ya meno yangu. Kilichoniuma ni kwamba aliyoyasema yalikuwa kweli yote. Mdogo wangu akaanza kulia, akidhani meno yake ndiyo yamekosea. Nilimfuta machozi kwa khanga nikamwambia meno yake ni mazuri, aende nyumbani. Na wale wazee watatu wakaangalia mtoto analia kwa sababu ya ujinga wao, wakaendelea kukaa.

Hukumu: nikirudi na meno safi kabla ya safari, nimetubu. Nisiporudi nayo, nyimbo ataanzisha mwingine.

Nikaanza kazi. Mkaa uliotwangwa, asubuhi na jioni. Majivu. Mchanga laini wa mtoni, ambao ulikwangua fizi na kuacha madoa yanang'aa zaidi kuliko mwanzo. Ndimu na chumvi, mpaka nikawa siwezi kutafuna hata ugali bila kukunja uso. Yote hayo niliyafanya naimba, maana nilikuwa mjinga mwenye furaha, na hao ndio wajinga wanaokwenda mbali.

Nilikwenda mpaka mnadani Katumba. Pale palikuwa na kijana mmoja kavaa koti jeupe, mfukoni kalamu tatu, mbele yake meza ya chupa. Watu wamemzunguka. Alichukua msumari wenye kutu, akauchovya kwenye chupa, ukafoka povu, ukatoka unang'aa.

"Kama chuma kinatakata, jino litakataa?" akapiga kelele. "Njoo, dada yangu, njoo mrembo, usiogope, hii ni dawa ya wazungu!"

Mtu mwenye akili angejiuliza jino na msumari vinahusiana nini. Mimi nilikaa kwenye kiti. Akazungushia pamba kwenye kijiti, akachovya, akanisugua. Harufu niliitambua wakati mdomo unawaka tayari: ilikuwa ile ya betri ya gari. Maji ya betri! Machozi yananitoka, naye ananionyesha kwa watu: "Mnaona nyie? Meupe!"

Yalikuwa meupe kweli, weupe wa chaki, kwa siku tatu. Siku ya nne fizi zilichubuka zikawa kama nyama mbichi, na hewa ya asubuhi tu ikiingia mdomoni nilikuwa naruka. Kahawia ilirudi, safari hii na mikwaruzo juu yake. Yule kijana nikimkumbuka leo natamani nimnyweshe chupa yake yote, halafu najua ningemkimbizia maziwa. Kalamu tatu mfukoni! Sijui hata kama moja ilikuwa na wino.

Mama aliniona nanywa uji kwa kuugeuza upande mmoja wa shavu. Kesho yake alinipakia kwenye lori la mahindi tukaenda hospitali mjini. Mganga wa meno alikuwa mtu mzima, mpole, mkono mwepesi. Alisikiliza habari ya maji ya betri akashusha pumzi ndefu. Halafu akauliza swali ambalo Litapunga nzima, na hekima yake yote, haikuwahi kuuliza.

"Huyu mtoto alikulia wapi?"

"Upande wa Shinyanga," mama akajibu. "Tulihamia huku na ng'ombe wetu yeye ana miaka minane. Mdogo wake, mwenye meno meupe, nimemzalia hapa."

"Kule mlikunywa maji gani?"

"Ya kisima, baba. Maji magumu kidogo, sabuni ilikuwa haitoi povu. Lakini hayakukauka hata kiangazi."

Basi akatueleza. Yapo maji ya visima yenye madini mengi, yanaitwa floraidi. Mtoto akiyanywa meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, yanatoka na madoa ya chokaa, na miaka inavyokwenda madoa yanageuka kahawia. Doa limo ndani ya jino, si juu yake. Ndiyo maana mkaa, mchanga na ndimu havitoi kitu, vinakula jino tu. Ya mdogo wangu ni meupe kwa sababu amekunywa maji ya huku. Tumbaku huchafua meno juu, naye alipopitisha kifaa chake utando wa tumbaku hakuuona kwangu.

"Na dawa?" nikauliza.

"Kwenye hospitali kubwa wanaweza kuyafunika mbele kwa kitu kama saruji nyeupe. Hapa sina. Piga mswaki laini, acha asidi, fizi zitapona. Na meno yako ni mazima, binti. Yana rangi tu."

Akaandika barua kwa wazee, akagonga muhuri. Njiani, juu ya magunia, mama akaniita kwa Kisukuma kama binti anavyobembelezwa, "Mayu, kumbe ni mimi niliyekuchotea." Nilimshika mkono. Nikamwambia bila yale maji nisingekuwa na mdomo wala meno ya kusemwa. Akacheka kidogo, akalia zaidi.

Wazee waliisoma barua wakipokezana. Mzee wa kunusa vidole alisema muhuri ni wa kweli. Samahani hakuna aliyeitamka, pengine waliona nayo ni dhambi. Mwalimu akasema, "Basi sauti utaimba. Ila kwenye picha ukae pembeni."

"Sauti yangu na meno yangu vinakaa mdomo mmoja, mwalimu," nikasema. "Ukiviita vije vyote. Usipoviita vyote vibaki na mama."

Nikaondoka. Jumapili nzima na Jumatano yake sikwenda mazoezini. Nilikuwa nawasikia kutoka nyumbani wanaanza wimbo chini mno, wanaacha, wanaanza juu mno, wanaacha. Alhamisi mwalimu alisimama mlangoni kwetu, kola kaiweka sawa.

"Jumamosi lori linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Tulirekodi. Niliimba mpaka fundi wa mitambo akaniambia nirudi nyuma hatua mbili. Kwenye picha mwalimu alikuwa na maarifa mapya: aliamuru kwaya nzima ifumbe midomo, tuonekane watu wa ibada. Wenzangu thelathini wakabana midomo kama wanameza kwinini. Mpiga picha aliposema tayari, mimi nilicheka, meno yote nje, mpaka ya nyuma.

Kaseti zilipokuja nilinyang'anya ya kwanza nikaigeuza kwenye mwanga. Kila uso ulikuwa mdogo kama punje ya mtama. Meno hayakuonekana ya mtu yeyote.