Mdomo wa Wangeci kwenye Shuka

Mzee Gachanja ni baba ya Mugure, tunayekaa naye dawati moja shuleni, na ndiye mtu wa kwanza niliyemjua anayetengeneza sinema. Zamani alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa Njoro aliyependa kupiga picha za flamingo. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia kamera. Gachanja akaanza kupiga picha za watu. "Ndege hana maneno," aliniambia nilipomuuliza kwa nini.

Alikusanya waimbaji wa kanisa, mafundi wa reli na akina mama wa sokoni, akaunda chama cha michezo ya kuigiza hapa Nakuru. Yeye ndiye mkubwa wao, na yeye ndiye hubeba viti. Kamera yake haishiki sauti, kwa hivyo sinema ikionyeshwa, waigizaji husimama kando ya shuka nyeupe inayoangikwa kupokea picha, kila mtu akisema maneno yake mdomo wake unapofunguka kwenye picha. Sisi tulidhani sinema zote huwa hivyo.

Mwaka wa 1957 walipiga sinema ya posa. Mama ya bibi harusi alikuwa Wangeci, mke wa Gachanja. Wazee wanaleta mbuzi, Wangeci anamzunguka, anakohoa kidogo, kisha: "Mbuzi huyu amemzidi bwana harusi miaka!" Kile kikohozi hakikuwa cha mchezo. Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, na iliporudi, Wangeci alikuwa ameshazikwa.

Sasa Bwana Joash, msimamizi wa magari ya sinema yanayozunguka mashambani, alikuwa anakuja kuitazama. Akiipenda, itaonyeshwa bonde zima. Chama kilikuwa kimeingoja siku hiyo miaka.

Chepkosgei, muuza maziwa, aliyajua maneno yote ya sinema ile.

"Baba Mugure, wacha niseme mimi."

"Hayo maneno yana mwenyewe."

"Mwenyewe tumemzika."

"Basi asiseme mtu."

Siku Bwana Joash alipofika, madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa blanketi, saa kumi jioni. Wangeci akatokea kwenye shuka, mkubwa, mzima. Akafungua mdomo. Kimya. Jamaa mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Mama, meza ugali kwanza!" Ukumbi wote ukacheka. Wengi hawakujua kwamba ameshakufa. Mugure alishika benchi kwa mikono miwili. Gachanja hakuizima mashine.

"Kazi ni safi," Joash alimwambia baadaye. "Lakini huyu mama bubu watamcheka mpaka Molo. Umkate kwenye filamu, ama umtafutie sauti."

Gachanja alichukua makasi. Akaiinua filamu kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama mke wake, mdogo mdogo, amepangwa kama shanga. Wanachama walikuwa mlangoni wakingoja. Akaweka makasi chini.

"Chepkosgei," akasema, "sema wewe."

Alisema vizuri, vizuri mno. Aliacha kikohozi, akaweka kicheko chake mwenyewe, na watu wakavunjika mbavu. Sinema ikaenda Elburgon, Molo, Gilgil, na Gachanja akaenda nayo kuzungusha mashine, Chepkosgei na wenzake wakisema kando ya shuka. Mitaani wakawa wanamwita Bwana Sinema. Nilidhani anafurahi.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao, tunaambua maganda ya minji, njegere za jioni, na Mugure. Mzee alikuja akakaa kwenye kigoda, kofia bado kichwani.

"Mugure, mama yako alikuwa akikuitaje ukichelewa bombani?"

"Si alikuwa anasema, 'Mugure we! Hayo maji unayatengeneza?'"

"Maneno ni hayo. Sauti ni ya Chepkosgei."

Mugure akajaribu tena, polepole. Hata mimi niliisikia, ilikuwa ya Chepkosgei, na kicheko chake mwishoni. Mara ya tatu hakufika mwisho, akaanza kulia.

"Basi sema wewe, baba. Wewe ndiye uliishi naye."

"Nimejaribu tangu tutoke Gilgil," Gachanja akasema. "Kila nikimwita moyoni anakuja, lakini akiongea ni yule mwingine."

Akaichukua sahani mapajani mwa binti yake, akaanza kuambua minji yeye mwenyewe, na sisi tukamwachia.